Gereza Lililokimbiwa na Walinzi Wake

Dhahabu ilipoonekana Bendigo, mtu wa kwanza kuacha kazi katika mji wa Mullagong alikuwa sajini wa polisi mwenyewe. Alilitundika koti lake juu ya uzio wa kituo, akalifunga mikono lisipeperushwe na upepo, kisha akaondoka na beleshi begani huku akipiga mluzi. Baada yake askari wengine wakafuata, leo huyu kesho yule, mpaka yule mwenye mguu mbovu ambaye siku zote alidai hawezi kutembea hata kufika kanisani. Kwenda machimboni alitembea vizuri kabisa.

Mji mzima ulikuwa kama umepandwa na kichaa cha furaha. Muuza mikate aliuacha unga ukiwa umeumuka. Mchunga kondoo aliwaachia kondoo malisho yote ya koloni. Tangu alfajiri barabara ilijaa watu, wenye toroli na wenye mikokoteni, wanaume na wake zao na masufuria yakigongana migongoni, wakiimba na kucheka na kuulizana habari. Honora Quill, aliyekuwa akisimama langoni pa gereza na binti yake Letty kiunoni, naye moyo ulimwenda mbio. Ni nani asingetamani? Lakini watu wa gereza hawaondoki hivi hivi.

Gereza la Mullagong lilikuwa dogo: ua wa mawe, seli nne, na nyumba ya vyumba viwili iliyojengwa ubavuni mwa ukuta. Koloni la Viktoria lilikuwa likikua upesi kuliko watu wa kulilinda, kwa hiyo serikali ilikuwa na desturi ya kuajiri mtu na mkewe pamoja. Mume hushika funguo na kulinda wafungwa wanaume. Mke hupika, hufua, na kuwaangalia wafungwa wanawake. Lakini kazi huandikwa kwa jina la mume. Yeye akiondoka, mke hana kazi, na asiye na kazi hana haki ya kulala katika nyumba ile.

Silas, mumewe Honora, alijizuia muda mrefu, kwa hilo lazima asifiwe. Aliziba masikio, akajipa shughuli ya kupaka chokaa kuta. Halafu asubuhi moja alipita jirani yake wa zamani, akamwonyesha kipande cha dhahabu kama jino. Kesho yake Silas aliamka akiwa mtu mwingine.

"Wiki chache tu, Honora," alisema, macho yakimwaka. "Nitarudi na dhahabu kama mayai ya bata!"

"Na wakija kutukagua?"

"Nani aje? Wakaguzi wenyewe wako huko wanachimba!"

Akambusu mtoto, akambusu mke, akaweka pete ya funguo mezani kando ya birika la chai, akatoka.

Honora hakulia. Alikuwa mtoto wa Cork, Ayalandi, na upande huu wa bahari hakuwa na shangazi wala binamu wa kumpokea. Majira ya baridi yalikuwa yanakuja. Aliziangalia zile funguo, akazitia katika mfuko wa aproni, akaenda kupika uji. Kulikuwa na watu watatu wanaungoja, na njaa haijui kama serikali imeishiwa na wafanyakazi.

Wa kwanza alikuwa mzee Jabez Tranter, mrefu kama mlango, mwenye nywele za majivu. Aliletwa na meli ya wafungwa akiwa kijana, na sehemu kubwa ya maisha yake ilikwisha katika magereza ya kile kisiwa cha kusini, Van Diemen. Safari hii alifungwa kwa ajili ya kondoo. "Alinifuata mwenyewe," alipenda kueleza, "nami sikuwa na moyo wa kumfukuza." Wa pili alikuwa Phelim Rourke, kijana wa Kiayalandi aliyeuza ramu bila kibali ndani ya mabirika ya chai. Wa tatu alikuwa Dorcas Pym, dobi, ambaye alimpiga tajiri wake kwa kikaango na mpaka siku ile alikuwa hajaanza kujuta.

Honora aliwapakulia uji, akasubiri wamalize, kisha akasema ukweli.

"Mume wangu amekwenda Bendigo. Sasa niko peke yangu. Mkitaka kutoroka, siwezi kuwazuia. Ninachoomba ni kwamba mtu anayetoroka aoshe bakuli lake kwanza."

Phelim aliruka kama aliyeketi juu ya siafu. "Dhahabu, mama! Kila mtu anaokota, sisi tumekaa hapa tunalamba vijiko!"

"Kaa chini wewe," Dorcas akamwambia. "Ukikamatwa watakufunga mpaka ndevu zikuote. Wala hata huna beleshi."

Mzee Jabez alivuta bakuli la Phelim kando ya lake. Aliinuka, akaosha bakuli lake, akaosha na la Phelim, akayarudisha rafuni. Shati alilovaa siku ile lilikuwa na kiraka kipya mgongoni. Jioni iliyotangulia Honora aliona upepo ukimwingia, akalichukua bila kuombwa, akalishona. Mzee hakuwa ameshukuru kwa maneno. Lakini mtu aliyepigwa mgongo ule maisha yake yote hakuwahi kuona mkono unaougusa kwa sindano na uzi.

Basi wakakaa. Jabez alipasua kuni, Phelim alichota maji na kumwimbia Letty, Dorcas alifua. Honora alifunga seli usiku na kuzifungua asubuhi. Mambo yakaenda vizuri, na kwa kweli, yakaenda vizuri kuliko zamani.

Hadi siku ya kufua, saa nne asubuhi, aliposimama langoni mpanda farasi wa posta, jina lake Enos, farasi wake akitoka povu.

"Bi Quill! Mwambie mumeo avae koti! Kapteni Wardlaw yuko nyuma yangu mtoni, hakimu mkaguzi! Anakagua magereza yote, na ana mfungwa mkali ndani ya mkokoteni!"

"Atafika lini?"

"Kabla chungu chako hakijachemka!" Enos akapiga farasi teke, akatokomea katika vumbi.

Honora aliliangalia vumbi lile. Kapteni akikuta gereza halina mwanamume, kabla ya jua kutua yeye na Letty watakuwa barabarani na birika na blanketi.

"Nimekwisha," alisema.

"Hujaisha," akasema Phelim, na tayari alikuwa anacheka. "Kapteni anamjua Silas kwa sura?"

"Hajawahi kumwona. Tuliajiriwa Melbourne."

"Na mimi ananijua, yeye ndiye aliyenifunga. Lakini mzee Jabez alihukumiwa na hakimu mwingine." Phelim akamgeukia mzee, akapiga saluti. "Habari za asubuhi, bwana Silas Quill!"

Jabez alirudi nyuma hatua nzima. "Mimi? Nivae koti lile? Kijana, watu wenye koti lile ndio niliowakimbia tangu nina meno ya utoto."

"Ni uongo," Honora akasema. "Sitaki kumwingiza mzee katika uongo wangu. Akigunduliwa ataongezewa kifungo."

Jabez akamtazama Letty, aliyekuwa amekaa juu ya ngazi akitafuna kipande cha mkate, viatu vyake vidogo vimefungwa kwa kamba. Akakuna kidevu.

"Lete hilo koti," akasema.

Hapo ndipo pilikapilika zilipoanza. Koti la Silas lilimbana mabega na mikono yake ilitokeza kama ya mtoto aliyekua ghafla. Dorcas akakata mishono ya kwapa kwa meno. Phelim akang'arisha vifungo vya shaba kwa majivu. Honora akamchana nywele, akamfunga funguo kiunoni.

"Tembea," akaamuru Phelim. "Hapana, si hivyo, unatembea kama mtu anayeomba radhi. Tembea kama ardhi ni ya baba yako!"

"Ukiitwa Quill, itika," Honora akasema.

"Na usivue kofia kila mtu akikohoa," Dorcas akaongeza. "Na zitikise hizo funguo. Askari jela bila makelele ni paka tu."

Wakamfundisha kusema, wakamfundisha kusimama, wakamfundisha kukunja uso. Hakuna aliyekumbuka kumfundisha kufungua mlango. Ingekuwaje? Ni mtu gani mzima asiyejua kufungua mlango?

Mkokoteni ukasikika barabarani. Phelim akakimbilia seli yake akajifungia kwa kuuvuta mlango. Dorcas akarudi kwenye pipa lake la kufulia, pipa kubwa la shaba lililojengewa matofali pembeni mwa ua, moto ukinguruma chini yake na mashuka yakitokota ndani. Honora akambeba Letty, akafungua lango kwa ufunguo wake mkubwa, akautia tena katika aproni.

Kapteni Wardlaw alikuwa akiendesha mkokoteni mwenyewe. Alikuwa ameloa tope mpaka masharubuni, kofia yake imebonyea, na farasi wake wa kupanda amefungwa nyuma ya mkokoteni. Kando yake, mikono imefungwa mnyororo, alikaa kijana mzuri wa sura anayetabasamu: Cassius Drew, aliyeyapora magari ya farasi ya abiria barabara yote ya kaskazini.

"Uko peke yako, Kapteni?" Honora aliuliza kwa mshangao.

"Nilitoka Melbourne na askari sita, bibi," Kapteni akajibu kwa uchungu. "Wa mwisho aliniomba ruhusa mtoni akamnyweshe farasi maji. Bado anamnywesha, nadhani, kule Bendigo. Nimelazimika kumfungua huyu pingu za miguu ili anisaidie kusukuma mkokoteni kwenye tope."

"Nilisukuma vizuri, Kapteni, useme ukweli," akasema Drew.

"Nyamaza. Quill yuko wapi?"

Jabez akajitokeza. Alikuja akitembea kama ardhi ni ya baba yake, akitikisa funguo.

"Quill?"

"Ndiyo, bwana."

Kapteni akamwangalia juu mpaka chini, akaonekana kuridhika. Ukubwa ule ulimpendeza. "Vizuri. Hatimaye mwanamume aliyebaki kazini kwake! Unajua ni magereza mangapi nimekuta yanalindwa na mbuzi? Mtie huyu seli ya mwisho, kisha unionyeshe wengine."

Jabez akamshika Drew mkono, wakavuka ua, Kapteni nyuma yao, bastola kiunoni. Walifika mbele ya seli ya mwisho. Mlango wake ulikuwa umefungwa. Jabez akasimama. Akasogea pembeni hatua moja, akaugeuzia mlango ubavu, akateremsha mikono, macho chini. Akangoja.

Funguo zilikuwa kiunoni mwake. Lakini katika maisha yake yote ya utu uzima hakuwahi kufungua mlango wa gereza. Mfungwa wa Van Diemen akifika mlangoni husimama vile, na mtu mwingine hufungua. Mwili wake ulikumbuka kabla ya akili.

Kapteni akakunja uso. "Quill? Unangoja nini?"

Honora alitaka kupiga kelele: fungua, mzee, fungua! Lakini Kapteni alikuwa anasikia. Ndipo Cassius Drew alipoangua kicheko.

"Masikini Kapteni! Huyu si askari. Tazama anavyosimama! Baba yangu, mfungwa wa zamani, alisimama hivyo mbele ya kila mlango mpaka kufa, hata mlango wa jiko letu. Huyu ni mwenzangu, amevalishwa koti!"

Kapteni akageuka kumtazama Jabez vizuri. Na katika kugeuka kule, Drew alirusha mikono yake miwili, mnyororo ukapita juu ya kichwa cha Kapteni, ukamkaba shingo. Kwa mkono mmoja ulionyooka kadiri mnyororo ulivyoruhusu, akachomoa bastola kiunoni mwa mkubwa yule kama anayechuma tunda.

"Sasa," akasema, na tabasamu lilikuwa limekwisha, "farasi yule ni wangu. Kila mtu akae alipo."

Lango lilikuwa wazi. Farasi alikuwa hatua chache kutoka langoni. Honora ndiye aliyekuwa karibu. Hakufikiri, mtu hapati nafasi ya kufikiri wakati kama ule. Alilisukuma lango kwa bega, likajibamiza, akazungusha ufunguo ule mkubwa aliokuwa nao katika aproni, akauchomoa. Letty alikuwa kiunoni mwake akishangaa.

"Mama," Drew akasema taratibu, akimburuta Kapteni aliyeanza kuwa mwekundu, "nipe ufunguo. Sina ugomvi na wewe."

"Wala mimi sina na wewe, mwanangu."

"Basi nipe."

Bastola ilikuwa imemwelekea. Honora alihisi moyo wake ukipiga mbavuni, na wa mtoto wake ukipiga kandokando. Alifikiri, nikimpa, ataondoka, na Kapteni ataandika kwamba gereza lilifunguliwa na mwanamke. Nisipompa... Hakumaliza wazo lile. Akapiga hatua mbili mpaka kwenye pipa la kufulia, akanyoosha mkono juu ya mvuke, akaachia. Ufunguo ukazama katikati ya mashuka yanayochemka.

"Uko humo," akasema. "Chota."

Dorcas, fimbo yake ya kukorogea nguo mkononi, alitoa sauti kama kuku. Phelim akachungulia dirishani mwa seli. "Mungu wangu! Katia ufunguo kwenye sabuni!"

Drew aliliangalia pipa. Povu lilikuwa linaruka. Lilijengewa matofali, halipinduki. Aliuangalia ukuta, ulikuwa mrefu. Kwa mara ya kwanza alionekana kijana kama alivyokuwa, kijana aliyechoka ambaye hajui la kufanya.

Mzee Jabez akaanza kutembea kumwelekea. Safari hii hakutembea kama mwenye ardhi wala kama mwomba radhi. Alitembea tu.

"Weka chini, kijana."

"Rudi nyuma, mzee! Walikupiga maisha yako yote, leo unamlinda mtu wao?"

"Kapteni simlindi. Kapteni ana mshahara." Jabez akasimama kati ya bastola na Honora. "Ninamlinda huyu aliyenishonea shati."

Drew akasita. Kusita kule ndiko Dorcas alikokungoja. Aliinua shuka zima la moto kwa fimbo yake, likivuja maji, akalirusha kutoka nyuma. Likamfunika Drew kichwa mpaka kiuno. Alipiga yowe, bastola ikalia ikielekea mbinguni, na kasuku weupe wote wa miti ya mikaratusi wakaruka na kelele zao. Phelim alitoka mbio katika seli aliyojifungia mwenyewe, akajitupa miguuni mwa Drew. Jabez akamkumbatia Drew pamoja na shuka lake kama mama anayemtoa mtoto bafuni. Kapteni alichomoka katika mnyororo, akadondoka chini, akikohoa, akishika shingo.

Letty akaanza kulia. Honora akambembeleza, huku akicheka, huku machozi yakimtoka, vyote kwa pamoja.

Walipokwisha kumfunga Drew miguu na kumkalisha kivulini, Kapteni bado alikuwa ameketi chini.

"Bi Quill," akasema kwa sauti iliyokwaruza, "mumeo yuko wapi?"

"Bendigo, bwana."

"Na huyu?"

"Jabez Tranter, mfungwa wa seli ya pili."

"Na huyu aliyetoka seli bila kufunguliwa, ambaye nakumbuka nilimfunga mimi?"

"Hajambo, Kapteni," akasema Phelim.

"Na ufunguo wa lango?"

"Unachemka, bwana."

Kapteni alifumba macho. Ikambidi avue koti lake la tope, akunje mikono ya shati, asimame kando ya Dorcas. Dorcas alitoa mashuka moja moja kwa fimbo, na hakimu mkaguzi akashika upande mmoja na Phelim upande wa pili, wakayakamua na kuyakung'uta wakitafuta ufunguo.

"Kamua sana, Kapteni," Dorcas alimkemea. "Hujawahi kukamua nguo? Mkeo ana kazi!"

Ufunguo ulipatikana ndani ya foronya, karibu na mwisho. Lakini Kapteni hakuupokea. Aliketi juu ya ngazi ya nyumba, akajifuta uso.

"Nisikilizeni. Huko Melbourne kuna mzee mmoja mstaafu wa jeshi na mkewe, wamekubali kuja. Sheria inataka mume na mke, na kazi ni ya mume. Bi Quill, nasikitika. Itabidi uhame."

Honora aliinamisha kichwa. Alikuwa ameyajua haya tangu asubuhi ile zilipoachwa funguo mezani, na kuyajua hakukuyapunguza.

"Au," Kapteni akaendelea, akimtazama Jabez, "naweza kumwapisha huyu leo hii. Nimewaapisha watu wabaya zaidi yake. Tranter, kifungo chako kitaisha leo, utapata mshahara na nyumba."

"Na mama?" Jabez akauliza.

"Nyumba ni ya askari."

Mzee akaanza kufungua vifungo vya koti. Alilivua, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya ngazi kando ya Kapteni. "Nirudishe seli ya pili, bwana. Sichukui paa la mtu."

"Na mimi nakataa," akasema Phelim.

"Hakuna aliyekuuliza wewe!"

"Nakataa mapema, nisije nikaulizwa."

Dorcas aliweka fimbo yake chini. "Kapteni, niruhusu neno moja, kisha uniongezee kifungo ukipenda. Gereza hili limelindwa na mwanamke mmoja mwenye mtoto kiunoni tangu Silas aondoke. Nani ametoroka? Wewe ulikuwa na wanaume sita, wana farasi na panga. Wako wapi?"

Phelim alijiziba mdomo. Kapteni Wardlaw akawa mwekundu kuliko alivyokuwa ndani ya mnyororo. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na ikawachukua muda kutambua kwamba anacheka, kicheko cha mtu ambaye hajacheka kwa safari nzima.

"Wanamnywesha farasi," akasema. "Bado wanamnywesha yule farasi!" Alijipangusa macho. "Haya. Koloni hili linakua kila siku, meli zinashusha watu kila siku, wezi wanaongezeka, na mimi sina mwanamume hata mmoja. Bi Quill, simama. Nitakuapisha wewe, kwa jina lako mwenyewe. Nitaandika kwamba ni mpaka atakapopatikana mwanamume wa kufaa. Huyu mzee atakuwa msaidizi wako, kifungo chake kilichobaki akimalizie kwa mshahara. Yule mstaafu nitampa gereza lingine. Melbourne wakinuna, wanune."

Honora alisimama. Lakini hakuinua mkono mara moja. Alimfikiria Silas, alivyocheka, alivyopaka chokaa kuta zile kwa uangalifu ili asisikie habari za dhahabu. Hakuwa mtu mbaya. Honora akiapa kwa jina lake mwenyewe, Silas akirudi, awe na mayai ya bata au mikono mitupu, hatakuwa tena na kazi ya kurudia.

"Mume wangu akirudi, bwana?"

"Atagonga lango kama watu wengine. Kumfungulia ni shauri lako."

Honora akampa Dorcas mtoto. Akajipangusa mkono katika aproni, akauinua. Kapteni akatamka maneno ya kiapo, naye akayafuata, sauti ikitetemeka mwanzoni, kisha ikatulia: kwamba atawalinda walio chini ya mkono wake, hatamtoroshea mtu, hatamdhulumu mtu. Yale ya mwisho aliyasema kwa nguvu. Kapteni akampa mkono kama anavyompa askari.

Phelim akapiga kelele za furaha, Letty akapiga makofi bila kujua kisa, na mzee Jabez akageukia ukutani akijidai anatazama kama chokaa imekauka.

"Sasa, Bi Quill," akasema Kapteni, akiokota kofia yake, "gereza ni lako. Niambie unahitaji nini kabla sijaondoka."

Honora alitazama uani. Cassius Drew alikuwa bado amekaa kivulini, nywele zimemganda kwa sabuni, shingo yake imebabuka kidogo kwa lile shuka. Alikuwa amewaangalia wote wakicheka, naye amekaza macho chini kama mtu asiyehusika.

"Huyu kijana alikula lini?"

Kapteni akafikiri. "Jana, nadhani. Asubuhi."

"Jana!" Honora akageuka. "Mzee Jabez, tafadhali, mkate na nyama ile ya kondoo, na chai yenye sukari. Dorcas, kuna siagi kidogo, mpake hapo shingoni. Na wewe, Kapteni, mfungue mkono mmoja ale."

"Bi Quill, mtu huyu dakika chache zilizopita alitaka kuninyonga."

"Nimeona, bwana. Na nimeapa kwamba hadhulumiwi mtu ndani ya ua huu. Mkono mmoja tu. Kaa karibu naye kama una wasiwasi. Na wewe pia hujala, uso wako unasema."

Kapteni Wardlaw aliweka kofia yake chini. Halafu akapiga goti kwenye mawe ya ua, akatoa kiufunguo kidogo mfukoni mwa fulana, akaanza kuhangaika na pingu. Drew alimtazama Honora, akamtazama tena, kama anayengoja mzaha uanze.

"Kula taratibu," Honora akamwambia, akimwekea bakuli mapajani. "Chai ni ya moto."